Mgongo Ndani ya Kabuti

Jumatatu, 14 Oktoba

Daftari hili lilikuwa la binti yangu Dama. Alilibakiza na kurasa nyingi alipomaliza gredi ya sita, na mimi niliishia darasa la sita, kwa hiyo tumelingana. Mwalimu wetu kule Bamba alitufunza kwamba mtu akitaka kuandika aanze na tarehe na asidanganye. Nitajaribu yote mawili.

Nimefika Navakholo, huku magharibi, jana, baada ya siku mbili njiani kutoka Kilifi. Jina langu ni Mramba, lakini hapa tayari naitwa Mpwani. Tuko wakata miwa kumi na wanane. Nyapara wetu ni Kipngeno, mtu mrefu asiyepandisha sauti. Ametusomea sheria moja tu: ukikosa kazi siku mbili mfululizo, laini yako ya miwa, ule mstari uliopangiwa kukata, inapewa mtu mwingine. Hakuna kuomba. Pale njia panda hukaa watu na mapanga yao wakingoja mmoja wetu augue.

Mwaka jana, kwenye kibarua kingine, mimi ndiye niliyeugua. Nilirudi nyumbani Novemba nikitetemeka kwa malaria, na shemeji zangu wakanicheka mpaka Pasaka. Safari hii mke wangu Kadzo aliniambia mlangoni, "Usinirudie katikati, baba Dama." Nimemwahidi kumaliza msimu.

Jumatano, 16 Oktoba

Sikuwahi kuona miwa mingi hivi. Ukisimama ndani yake huoni mtu wala mlima, unasikia tu upepo ukipita juu ya kichwa chako kama watu wengi wanaonong'ona. Kwetu hata mchicha huota kwa kubembelezwa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua ilinyesha mchana. Niliteleza. Kisiki cha muwa kikikatwa mshazari kina ncha kama mkuki, na kimoja kilitoboa mpira wa gambuti langu la kushoto na kuingia juu ya kifundo cha mguu. Nilikichomoa mwenyewe. Hakuna aliyeona. Nimeosha kwa maji ya chumvi na kuziba tundu la kiatu kwa kiraka cha tyubu.

Jumapili, 20 Oktoba

Leo nimeshona suruali za watu wanne. Ujuzi huu ni wa mjomba wangu aliyekuwa fundi wa nguo Mariakani. Natembea na sindano zangu kwenye kopo la dawa ya viatu, pamoja na shazia, ile sindano kubwa ya magunia.

Tunalala kwenye vyumba vya nyuma kwa bibi kizee Maximilla. Ana miaka themanini na sita na kila mtu, hata Kipngeno, humwita Kukhu, yaani nyanya. Alisimama nyuma yangu muda mrefu akitazama sindano.

"Wewe Mpwani, hiyo mishono umeifunzwa na mwanamke?"

"Na mjomba, Kukhu."

"Basi huyo mjomba alifunzwa na mwanamke," akasema, akaenda zake.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua tena. Trekta imekwama. Mguu unawaka.

Jumatatu, 28 Oktoba

Kidonda hakifungi. Gambuti linakisugua. Nimepata njia: nimekata fulana yangu kuukuu vipande, nimevishona pamoja vikawa kama mto mdogo, na katikati nimeacha tundu la ukubwa wa kidonda. Mto unashika kiatu, kidonda kinabaki kwenye tundu bila kuguswa. Nikivaa na soksi mbili juu yake natembea karibu kama mwenye mguu mzima. Karibu.

Kipngeno aliniona nikitoka shambani. "Mpwani, umeanza kutembea kama bibi harusi."

Wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa sauti kuliko wote.

Jumapili, 3 Novemba

Kukhu ameniita barazani. Mbele yake kulikuwa na sanduku la bati lenye kutu, na ndani, juu ya majani makavu ya tumbaku na pilipili za kufukuza wadudu, kulikuwa na kabuti. La sufu nzito, rangi ya matope, refu hadi chini ya magoti, lenye vifungo vya shaba. Panya wameila kola na bega moja. Nililiinua, likanishusha mikono. Ni zito kupita nguo.

Lilikuwa la baba mkwe wake, Mukhwana. Alikuwa liguru hapa zama za Mwingereza, mkubwa wa mtaa aliyewekwa na serikali, mwenye kutoza kodi na kutoa watu wakalime barabara. Amekufa tangu mwaka wa sitini na nane. Katika ukoo huu, mtu akikalishwa kwenye kiti cha mkubwa wa familia huvaa kabuti hilo siku hiyo moja, kisha linarudi sandukuni. Mwana wa mwisho wa Mukhwana amekufa Agosti. Sasa kiti kinakuja kwa mjukuu, Osiako, anayefundisha chuo cha kilimo huko Bukura. Siku ni tarehe ishirini na sita Desemba, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani.

"Lishone," akasema Kukhu.

"Kwani wajukuu zako hawajui sindano?"

"Nguo ya mfu wetu haitiwi sindano na mtu wa damu yake, wala na mke aliyeolewa humu. Ni lazima mgeni. Na wewe huna mwenzako kwa ugeni."

Nimekubali. Atanipa chakula cha Jumapili hadi siku hiyo.

Jumapili, 10 Novemba

Shikanga ndiye mzee wa kikosi chetu, miaka sitini na kitu, na kofia yake ya plastiki ya kampuni ya mbegu haitoki kichwani. Leo alinikuta nikitoa vumbi kwenye kabuti, akasimama mbali, nje ya uzio.

"Hiyo koti unaijua?"

"Naishona tu, mzee."

"Babu yangu alilazwa chini, barabarani hapo, akachapwa viboko kumi na tano. Kosa lake? Hakuvua kofia mbele ya hiyo koti. Alikuwa amebeba mtungi na mikono miwili, angevua na nini? Na huyo Mukhwana alisimama akihesabu kwa sauti. Jua la Januari, watu wanaanguka, yeye hajafungua hata kifungo. Hakuwa anaivuanga. Kwa pombe, kwa matanga, kwa kulima, ndani ya koti tu. Kiburi, kiburi, kiburi."

Nikamwuliza kwa nini hakaribii.

"Mimi siogopi nguo," akasema. Lakini hakuingia.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeanguka shambani, nikasema nimekanyaga panya.

Jumapili, 17 Novemba

Osiako amekuja kutoka Bukura na mita tatu za satini nyekundu. Ni kijana mpole wa miaka arobaini, mikono laini, miwani. Ameniita "fundi", jina ambalo hakuna mtu amewahi kuniita tangu mjomba alipokufa.

"Fundi, toa bitana yote ya zamani. Toa takataka zote za ndani, tupa. Tia hii. Nataka ing'ae nikifungua mbele."

"Sawa, mwalimu."

Nimemaliza kola na bega. Jumapili ijayo nafungua bitana.

Jumapili, 24 Novemba

Mwalimu alisema tusidanganye, kwa hiyo naandika nilichokiona, ingawa najua kitasomeka kama uongo.

Kukhu alikuwa kanisani. Nilikaa barazani na kabuti magotini. Bitana ya mgongoni ilikuwa imeshonwa pande tatu kwa uzi wa mashine, lakini upande wa chini ulishikwa kwa mkono, mishono mirefu ya kufunguka haraka, kama mlango unaofungwa kwa kamba. Nilivuta uzi mmoja, mlango ukafunguka.

Nilitarajia vumbi. Ndani kulikuwa na nguo nyingine. Kuanzia mabegani hadi kiunoni, mgongo wote ulikuwa umetandikwa kitambaa juu ya kitambaa: marekani iliyogeuka kahawia, gunia la unga lililofuliwa mpaka likalainika, flaneli, na juu kabisa kipande cha gauni la mwanamke chenye maua mekundu. Vyote vimeshonwa pamoja kwa mishono midogo sana, myembamba kama nyayo za sisimizi. Nimeshona tangu nina miaka tisa na siwezi kushona hivyo. Mjomba hakuweza.

Lakini godoro lile halikuwa sawasawa. Lilikuwa na mifereji. Nilipitisha kidole kwenye mmoja, ukaanza bega la kulia ukashuka ukivuka mgongo hadi mbavu za kushoto. Mwingine ukafuata kando yake, halafu mwingine ukakatiza. Aliyeshona aliacha nafasi tupu makusudi, nguo huku na nguo kule, katikati hakuna kitu. Kwenye mifereji kulikuwa na madoa ya mafuta ya zamani, na mahali pengine madoa meusi ambayo si mafuta.

Mtu mwingine angekaa hapo saa nzima akijiuliza. Mimi nilijua papo hapo, kwa sababu mto kama ule ulikuwa ndani ya gambuti langu, na tundu lake.

Ile mifereji ilikuwa makovu. Mtu alikuwa amechapwa mpaka mgongo ukatoka matuta yasiyokufa uchungu, na mtu mwingine akakaa nyuma yake, akayapima moja moja kwa vidole, akashona nguo inayopita kando ya kila tuta ili kabuti zito lisiguse hata moja. Nimehesabu mifereji kumi na tisa. Mwenyewe ameoza zaidi ya miaka hamsini, na mgongo wake umebaki hapa magotini pangu, mzima.

Na kabuti lenyewe, nimeelewa. Shati huganda mgongoni mtu akitoka jasho, na kila mwenye macho angeona. Sufu haigandi.

Nilirudisha mlango. Nimewahi kuona bahari ikirudi nyuma hadi samaki wakabaki mchangani. Leo nilihisi vile vile: kitu kikubwa kimejivuta, nami naona chini yake.

Sikutupa chochote.

Alhamisi, 28 Novemba

Homa. Nimekata laini yangu.

Jumapili, 1 Desemba

Nilimwambia Kukhu kuna kitu ndani ya kabuti anachopaswa kuona kabla sijafanya alivyoagiza Osiako.

"Mimi nimeolewa humu," akasema. "Baba mkwe hatumsogelei. Miaka kumi na moja niliishi boma moja na yule mzee, na sikuwahi kukaa kiti alichokalia, wala kula akiniona. Akija njia hii, mimi napita kule migombani. Hiyo koti sijawahi kuigusa hadi leo."

"Usiguse. Tazama tu."

Nikafungua mlango wa bitana mbele yake. Aliinama, akatazama. Kisha akanyoosha mkono, akaugusa, ule mkono ambao miaka sitini na saba haukugusa. Hakugusa mifereji. Aligusa maua mekundu.

"Hii ni gauni yangu."

Nilidhani umri umemchanganya.

"Mpwani, hii ni gauni yangu! Baba alininunulia Kisumu nikiolewa, mwaka wa hamsini na saba. Nilikuwa nayo wiki mbili tu. Mama mkwe, Nekesa, akaja kwa nyumba yangu akasema, 'Nipe ile gauni laini.' Hakusema ya nini. Mgeni angekataaje? Nilimpa. Sikuiona tena, hata kwa mwili wake sikuiona. Nikajua ameitupa kwa wivu. Nilimchukia mpaka tukamzika. Nilimpikia, nilimwogesha akiugua, na ndani namchukia."

Akaanza kupitisha kidole mferejini, polepole, kutoka bega hadi mbavu, mmoja baada ya mwingine, midomo ikitembea. Nikajua anahesabu kama nilivyohesabu.

Alinieleza anachokijua. Marehemu mumewe alimwambia mara moja tu, tena akiwa mlevi, kwamba Mukhwana alipokuwa kijana alikuwa mcheshi, mpiga ngoma. Akaenda kufanya kazi kwenye shamba la mzungu huko ng'ambo ya Kitale. Akatoroka. Wakamkamata njiani bila kipande shingoni, ile karatasi ya kazi iliyotiwa kwenye kikopo cha chuma, na wakamrudisha kwa yule mzungu. Alirudi nyumbani baada ya miaka miwili, hapigi ngoma, hachezi, halali chali. Miaka mingine ikapita, serikali ikamfanya liguru. Kabuti alilivaa siku hiyo.

"Tulisema ni kiburi," akasema Kukhu. "Wanawe pia walisema hivyo. Mume wangu alikufa akisema hivyo. Na Nekesa alikuwa anasikia tukisema, ametulia, anachambua mboga."

Jumanne, 3 Desemba

Mvua imekatika. Jua kali. Ndani ya kiatu kuna harufu ambayo najua si ya jasho. Nalala mwisho wa chumba, karibu na dirisha.

Ijumaa, 6 Desemba

Kipngeno alisimama kwenye laini yangu, akanitazama kuanzia kofia hadi kiatu.

"Uko sawa?"

"Niko sawa."

"Kule njia panda kuna watu wanne leo."

"Nimewaona."

Akaenda. Wiki chache zilizopita nilimwona kama fisi anayezunguka. Sasa sijui. Mtu anayetaka uanguke hakuulizi mara mbili, na leo ilikuwa mara ya tatu.

Jumapili, 15 Desemba

Osiako amekuja, akakuta satini yake bado imekunjwa. Wamegombana na Kukhu mbele yangu, kwa Kiluhya na Kiswahili, na cha Kiswahili nilielewa chote.

"Kukhu, nitavaaje hicho kitu? Harufu!"

"Utavaa. Tena utavaa ndani nje."

"Ndani nje?"

"Bitana itoke, huu mgongo watu wauone. Mpwani ataishona ikae vizuri."

"Watanicheka! Mimi ni mwalimu wa chuo, wenzangu wanakuja, mkuu wa idara anakuja."

"Wamemwogopa huyu miaka tisini. Watakucheka siku moja. Kuna mtu amekufa kwa kuchekwa?"

Osiako akanigeukia mimi. "Fundi, wewe unaonaje?"

Sikuwa na haki ya kuona chochote. Nikamwambia aweke mkono wake pale. Aliuweka kama mtu anayeshika jiko. Alipofika mfereji wa tatu alivua miwani.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Sisi watatu," Kukhu akasema. "Na Nekesa."

Jumatatu, 16 Desemba

Nimekata laini.

Jumanne, 17 Desemba

Nimekata nusu. Shikanga alimalizia nusu yangu bila kusema neno, kofia kichwani.

Jumapili, 22 Desemba

Kabuti liko tayari. Nimeondoa bitana yote ya mgongoni, nikageuza mikono, nikaimarisha pembe za godoro kwa uzi wangu. Sikushona juu ya mshono wowote wa Nekesa. Kila nilipokutana nao nilizunguka kando.

Kukhu aliniletea obusuma, ugali wa kwao, na mboga, akaketi. Hakutazama kabuti. Alitazama gambuti langu.

"Unavaa kiatu hicho hata Jumapili."

"Nimezoea."

"Unakaa nacho kwa chakula. Unalala nacho?"

Nilivuta mguu chini ya kiti.

"Vua."

"Kukhu, nikivua, Kipngeno atasikia. Nimebakiza wiki tano. Nilimwahidi mke wangu."

"Mukhwana alikuwa na Nekesa wa kumpaka mafuta," akasema. "Miaka arobaini, kila siku, mlango umefungwa. Wewe nani anakupaka?"

Akasimama, akaenda zake.

Nimekaa nikilitazama kabuti. Nilipolishika mara ya kwanza nilimwonea huruma yule mzee kwa sababu alijificha kama mimi. Leo nimewaza jambo lingine: je, kule kujificha kulimfanya nini? Mtu anayeficha uchungu siku zote lazima awaweke watu mbali. Mimi nimeacha kula na wenzangu. Jana nilimfokea Shikanga kwa kunikaribia, Shikanga aliyenikatia nusu laini.

Alhamisi, 26 Desemba

Naandika hii nikiwa nimeketi, mguu juu ya kiti.

Watu walijaa boma hadi barabarani. Viti vya plastiki, mahema mawili, sufuria za ingokho, yaani kuku, harufu yake ikifika mbali. Kikosi chetu chote kilialikwa. Shikanga alikuja na kofia yake ile ile. Najua aliivaa makusudi, maana shati lilikuwa jipya.

Kiti cha mkubwa kiliwekwa katikati ya uwanja. Wazee walisema yao, kisha wakaita Osiako. Akatoka mlangoni.

Kwanza watu walicheka. Nilisikia mwanamke akisema, "Uuwi, mwalimu amevaa gizani!" Nyuzi zilikuwa nje, na mifuko ilining'inia kama masikio ya mbuzi. Osiako aliendelea kutembea, uso umemkauka, na alipofika kwenye kiti hakukaa. Aligeuka, akawapa watu mgongo.

Kicheko kilikufa safu baada ya safu, kutoka mbele kwenda nyuma, jinsi macho yalivyofika. Mahali pengine mtu angehitaji kuelezwa. Hapa wazee wengi wana babu aliyechapwa. Walijua umbo lile.

Kukhu akasimama kwa fimbo yake. "Mlikuwa mnaulizana kwa nini hakuwa anavua koti. Nami nilikuwa nauliza pamoja nanyi. Huu ni mgongo wake. Mama mkwe wangu Nekesa ndiye aliushona, na hakumwambia mtu. Hii ya maua ni gauni yangu. Nilisema aliniibia." Akageukia kikosi chetu. "Mzee Shikanga, njoo."

Shikanga alitoka katikati yetu. Alitembea uwanja wote akiwa na kofia kichwani, na hakuna aliyemwambia aivue. Aliweka kidole kwenye mfereji wa juu. Akashuka nao. Akaweka kwenye wa pili. Watu mia tatu na hukusikia mtoto. Alimaliza yote kumi na tisa.

"Kwa hiyo alijua," akasema.

"Alijua nini, mzee?" Osiako akauliza bila kugeuka.

"Alijua vile inauma. Alijua mwenyewe, kwa ngozi yake. Na bado alimlaza babu yangu chini, akasimama hapo akihesabu."

Nilidhani wazee watamnyamazisha. Nilidhani Kukhu atasema neno la kutuliza, kama watu wanavyosema siku za sherehe. Kukhu aliegemea fimbo yake.

"Alijua," akasema. "Sina jibu, Shikanga. Ningekuwa nalo ningekupa. Nilitaka uone, kwa sababu sisi tumekuwa tukiweka kwa sanduku, na nyinyi mmekuwa mkiweka kwa roho."

Shikanga alisimama pale. Kisha akavua kofia. Sijui alimvulia nani, kabuti, au Nekesa, au babu yake aliyekuwa na mtungi mikononi. Nywele zake zote ni nyeupe, sikuwahi kujua. Akarudi kwenye kiti chake na kofia mkononi, na Osiako akakaa, na mtu mmoja huko nyuma akaanza kulia kwa sauti ya chini.

Mimi nilikuwa karibu na jiko. Kipngeno alikuwa pembeni yangu na sahani ya kuku. Niliketi chini, nikashika gambuti kwa mikono miwili, nikavuta. Halikutoka. Nikavuta tena.

"Mpwani, unafanya nini?"

"Navua."

Lilipotoka, harufu ilitoka nalo. Kipngeno aliweka sahani chini. Alitazama soksi mbili, mto wa fulana na tundu lake, kisha kilichokuwa ndani ya tundu.

"Tangu lini?"

"Wiki ya kwanza."

Alipiga mluzi mdogo. "Kumbe tumekuwa tukikata miwa na maiti." Kisha akachuchumaa, na sauti yake ikawa nyingine. "Ungeniambia ningekutoa siku hiyo hiyo. Unajua?"

"Najua."

"Ndiyo maana hukuniambia." Akatikisa kichwa. "Hata mimi nisingesema."

Walinibeba yeye na Shikanga. Kukhu alirarua ukingo wa leso aliyovaa, leso mpya ya sherehe, akanifunga nayo mbele ya wageni wote.

Ijumaa, 27 Desemba

Zahanati. Muuguzi anaitwa Immaculate, na hana subira. Alikata nyama iliyokufa huku akinigombeza.

"Wiki moja zaidi, baba, ungerudi kwenu na mguu mmoja. Na huu ujinga wa kuweka matambara ndani ya kiatu, nani alikufunza?"

Nilimwambia nilijifunza mwenyewe, lakini kuna mtu aliyekuwa hodari kuliko mimi.

Hakuna kukata miwa kwa miezi miwili, amesema. Mguu utapona.

Jumamosi, 28 Desemba

Laini yangu imepewa mtu wa njia panda. Nilimwona akipita na panga, ameinamisha kichwa ili tusitazamane. Nikamwita, nikampa gambuti la kulia na la kushoto. Nilimwonyesha kiraka. Nikamwambia, ukichomwa, sema.

Osiako amenipa ile satini nyekundu mita tatu. "Mshonee mke wako kitu, fundi." Kabuti limerudi sandukuni. Kukhu amekataa ligeuzwe. Litakaa ndani nje, na atakayelivaa baada ya Osiako atalivaa hivyo.

Jumapili, 29 Desemba

Nimeiahirisha simu hii siku tatu. Leo nikapiga.

Nilimwambia Kadzo yote kwa mpigo mmoja, kisiki, mto, homa, laini iliyokwenda. Nikamwambia narudi katikati. Nikangoja acheke, au anyamaze kwa ile namna yake.

"Tangu Oktoba?" akauliza.

"Tangu Oktoba."

"Na kila Jumamosi nilikuwa nakuuliza u hali gani, ukisema u mzima."

"Ndiyo."

Nyuma yake jogoo aliwika, jogoo wetu, namjua kwa sauti.

"Ndugu zako watacheka," nikasema.

"Nitawaonyesha kidonda, wacheke wakikiangalia." Kisha akasema, "Baba Dama, usilete kitu. Lete mguu."